Uliza Ujibiwe: Hivi ni nani hasa anaamua nchi iingie vitani?

Maswali ya safari hii yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, vita. Yaliyofanana nimeyaunganisha, majina nimeyatoa kwa sababu wengine waliomba, na matusi nayo nimeyatoa, mnajijua.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi naomba kuuliza, hivi vita huwa vinaamuliwa siku gani? Maana sisi tunaona tu rais kahutubia usiku, kesho yake mabomu. Kabla ya hapo wanakuwa wanaongea nini huko ndani?

Salama ndugu yangu. Hiyo siku ya hotuba ndo siku ya mwisho kabisa, uamuzi unakuwa ulishafanyika miezi nyuma, na mara nyingi hakuna hata kikao kimoja unachoweza kukinyooshea kidole ukasema hapa ndo waliamua.

Chukua Iraq, kwa sababu nyaraka zake nyingi zilishavuja au zilishatolewa hadharani. Mabomu yalianza Machi 2003. Lakini tarehe 23 Julai 2002, karibu miezi minane kabla, Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair alikaa na watu wake London, mkuu wa ujasusi wa nje wa Uingereza akiwa ametoka Washington, na muhtasari wa kikao kile uliovuja gazetini 2005 unaonyesha aliwaambia kwamba kule vita sasa vinaonekana haviepukiki, na kwamba taarifa za kijasusi zinapangwa ziendane na sera. Soma tena hapo. Sera ilishakuwepo, taarifa ndo zinatafutwa ziifuate. Siku tano baadaye Blair akamwandikia Rais wa Marekani George W. Bush barua, mstari wake wa kwanza unamwambia atakuwa naye vyovyote itakavyokuwa. Barua hiyo tuliiona 2016 baada ya uchunguzi wa Sir John Chilcot, uliofanywa Uingereza kuhusu vita hiyo. Wakati anaiandika bunge lake lilikuwa halijapiga kura yoyote, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa hawajarudi Baghdad.

Kuanzia hapo kazi ya washauri inabadilika. Hawaulizwi tena twende au tusiende, wanaulizwa tutawaelezaje watu. Agosti Makamu wa Rais Dick Cheney anatangaza kwamba hakuna shaka mtawala wa Iraq Saddam Hussein ana silaha za maangamizi. Septemba serikali ya Uingereza inatoa kijitabu kinachosema baadhi ya silaha hizo zinaweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45. Oktoba Baraza la Wawakilishi la Marekani linapitisha ruhusa ya vita kwa kura 296 dhidi ya 133, Seneti 77 dhidi ya 23. Februari 5, 2003 anapelekwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani Colin Powell mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na picha na sauti zilizonaswa, na jiulize kwa nini Powell na sio Cheney. Kwa sababu Powell ndo watu walikuwa wanamwamini, na alijulikana kuwa msitasitaji kuliko wenzake. Hii mbinu ikariri, anayesitasita ndo anapewa kipaza sauti, maana akishasema yeye nani mwingine atabisha?

Zile maabara za sumu za kwenye malori alizozielezea siku ile habari yake kubwa ilitoka kwa Mwiraki mmoja aliyekimbilia Ujerumani, majasusi walimpa jina la Curveball. Wajerumani wenyewe walikuwa na wasiwasi naye. Mwaka 2011 jamaa akakiri hadharani kwamba alitunga.

Alafu kuna jeshi, hili watu wanalisahau sana. Ukishajaza askari elfu nyingi Kuwait hawawezi kukaa pale wanapiga miayo, msimu wa joto unakuja, gharama inapanda kila siku, na kuwarudisha nyumbani bila kupigana kunaonekana kama umeshindwa. Machi 7 mkuu wa wakaguzi Hans Blix akasema kazi iliyobaki haihitaji miaka wala wiki, inahitaji miezi. Hakupewa. Kalenda ya jeshi ilishaipita kalenda ya wakaguzi. Mwaka uliofuata timu ya Marekani yenyewe iliyotumwa kutafuta hizo silaha ikaandika ripoti kwamba akiba yake haikuwepo.

SWALI: Kwa hiyo kwa kifupi wanadanganya? Semeni tu ukweli acheni kuzunguka.

Wakati mwingine ndiyo, tena uongo mkavu. Oktoba 1956 wakubwa wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri kwenye nyumba moja Sèvres, nje kidogo ya Paris, wakaandikiana kabisa kwamba Israeli ishambulie Misri kupitia Sinai, alafu Uingereza na Ufaransa zijifanye zinaingia kuamulia ugomvi, kumbe shida yao ni mfereji wa Suez ambao Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Julai mwaka huo. Waziri Mkuu Anthony Eden aliposikia kuna karatasi imesainiwa alishtuka, akawarudisha maofisa wake Paris wakaombe nakala zote ziharibiwe. Wafaransa wakakataa, na Waisraeli walishaondoka na ya kwao. Desemba 20 Eden akasimama bungeni akasema hakukuwa na kujua mapema kwamba Israeli ingeishambulia Misri. Wiki tatu hazikuisha akajiuzulu, alisema ni afya, na kweli alikuwa mgonjwa, lakini karatasi ya Sèvres ilibaki.

Ila uongo wa namna hiyo ni nadra kuliko mnavyodhani. Kilicho cha kawaida ni kuamini haraka kile unachotaka kuamini. Agosti 4, 1964 manowari mbili za Marekani kwenye Ghuba ya Tonkin zikaripoti zinashambuliwa na boti za Vietnam Kaskazini. Siku mbili nyuma shambulio la kweli lilikuwa limetokea, kwa hiyo kila mtu alikuwa macho juu juu. Saa chache tu baadaye kamanda wa pale pale baharini akatuma ujumbe kwamba ana mashaka, huenda ni hali ya hewa imechanganya rada na vijana wa sona, yaani mitambo ya kusikiliza chini ya maji, wana mhemko, akashauri ichunguzwe kwanza kabla ya kufanya lolote. Usiku huo huo Rais Lyndon Johnson akatokea kwenye televisheni kutangaza kulipiza. Agosti 7 Congress, yaani bunge la Marekani, ikampa ruhusa ya kutumia nguvu, Baraza la Wawakilishi 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Baadaye sana mwanahistoria wa shirika lao wenyewe la kunasa mawasiliano akahitimisha kwamba usiku ule hakukuwa na shambulio lolote.

Na sasa kitu ambacho mimi kinanikera kuliko vyote kwenye habari hii, rasimu ya azimio la namna ile ilishaandikwa na washauri kabla, tangu Mei na Juni. Ilikuwa kwenye droo inasubiri tukio. Februari 1965 wapiganaji wa Kivietnam wakashambulia kambi ya Pleiku kule Vietnam Kusini waliyokuwemo Wamarekani, Marekani ikaanza kampeni ya mabomu Kaskazini, na mshauri wa usalama wa taifa McGeorge Bundy baadaye akamwambia mwandishi mmoja kwamba matukio kama Pleiku ni kama tramu, yaani hukosi moja ya kupanda. Mwezi Machi askari wa majini kama 3,500 wakateremka Da Nang kulinda uwanja wa ndege, kulinda tu, hivyo ndo ilivyosemwa. Ukishaweka uwanja unahitaji walinzi, ukishaweka walinzi inabidi watoke nje wafukuze wanaowarushia makombora, wakishatoka nje wanahitaji wenzao, na kufika 1969 wako zaidi ya laki tano. Hapo katikati nionyesheni ni siku gani mtu alipiga meza akasema tupeleke laki tano. Haipo.

SWALI: Shikamoo. Mi ni kijana nafanya kazi ofisi ya umma. Kikaoni kwetu bosi akishaonyesha anachotaka wote tunakubali, na hiyo ni mambo madogo ya kununua viti. Sasa kwenye vita inakuwaje, hakuna hata mmoja anayesema mzee hapa tunakosea?

Marahaba kijana, na swali lako ndo bora kuliko yote ya mwezi huu.

Wapo wanaosema. Shida ni wanafanywaje baada ya kusema. Kuna namna ya vitisho, hiyo iko wazi: Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya kuivamia Ukraine, Vladimir Putin aliwaweka wakubwa wa Baraza la Usalama la Urusi kwenye ukumbi mpana, yeye kakaa peke yake mbali kabisa na wao, akawa anawaita mmoja mmoja wasimame waseme kama wanaunga mkono kuyatambua majimbo mawili yaliyojitenga na Ukraine, Donetsk na Luhansk. Mkuu wa ujasusi wa nje Sergei Naryshkin, mtu mzima, mkubwa, anayeogopwa, akaanza kubabaika, Putin akamwambia sema wazi, ndiyo au hapana, na yule katika kuhangaika akasema anaunga mkono majimbo yale yaingizwe Urusi, jambo ambalo hata halikuwa limeulizwa. Putin akamrekebisha kwa kejeli. Yote hayo yalirushwa kwenye televisheni, na mimi nadhani yalirushwa makusudi, ili kila mmoja mle ndani aonekane alikuwemo. Sasa kwenye chumba cha namna ile nani atasimama aseme mzee Kiev haitaanguka kwa siku chache?

Namna ya pili ni ya kistaarabu na ndo hatari zaidi. George Ball, naibu waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliandika tangu 1964 kwamba Vietnam watazama. Hawakumfukuza. Johnson alimpokea vizuri, wakampa kiti cha mpinzani rasmi, kila kikao wanamsikiliza, wanatikisa kichwa, alafu wanafanya kile kile, na baadaye wanaweza kusema tulisikia pande zote. Ball akaondoka 1966. Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliulizwa kwenye Seneti Februari 2003 Iraq itahitaji askari wangapi baada ya vita, akasema laki kadhaa, siku mbili tu naibu waziri wa ulinzi Paul Wolfowitz akajitokeza kusema makadirio hayo yako mbali kabisa na ukweli. Wenye masikio wakasikia.

Ya tatu wewe wa ofisini utaielewa haraka, ni bajeti. Japani mwaka 1941 jeshi la majini lilikuwa limeomba na kupewa fedha na chuma kwa miaka mingi kwa hoja kwamba linajiandaa kupigana na Marekani. Oktoba, Waziri Mkuu Konoe alipotaka walau waseme kwamba vita hiyo hawaiwezi, waziri wa jeshi la majini akasema suala hilo anamwachia waziri mkuu mwenyewe. Angesemaje haiwezekani wakati fedha alishakula? Konoe akajiuzulu mwezi huo huo, akaingia Jenerali Tojo, Desemba wakaipiga Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani.

Kinyume chake kipo, sio kwamba binadamu hawezi. Rais John Kennedy wa Marekani aliumia kwa ushauri mbovu wa uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe kule Cuba Aprili 1961, wote walikuwa wamekubali au wamenyamaza. Oktoba 1962 makombora ya Kisovieti yalipoonekana Cuba, siku za kwanza karibu kila mtu pale mezani aliwaza mabomu, majenerali ndo kabisa. Kennedy akawa anatoka chumbani makusudi wabaki wanabishana bila kumwangalia usoni, akavuta muda, hoja ya kuzuia meli ikapata nguvu, na mwisho makombora yakaondolewa, huku yeye akikubali kimya kimya kuondoa ya kwake Uturuki. Jaribu kumwambia bosi wako awe anatoka nje kikao cha viti, utaona.

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wananiuliza, inawezekana kiongozi asitake vita na bado akajikuta ndani? Nawajibu ndiyo lakini naona hawashawishiki.

Mwalimu, wape mwezi wa Julai 1914. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria, kauawa Sarajevo Juni 28, Austria inataka kuiadhibu Serbia. Tarehe 5 na 6 Julai Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani na kansela wake Bethmann Hollweg wanaiahidi Austria kwamba Ujerumani itakuwa nayo kwa lolote, kisha mfalme anaenda zake kutembea na meli Norway. Austria inatoa masharti ya saa 48 yaliyoandikwa ili yakataliwe. Serbia inakubali karibu yote. Wilhelm anarudi, anasoma jibu la Serbia asubuhi ya Julai 28, anaandika pembeni kwamba sababu yoyote ya vita imeondoka. Siku hiyo hiyo Austria inatangaza vita. Yeye ndo aliyetoa ahadi, na ahadi ilishaanza kutembea bila yeye.

Upande wa Urusi ni hivyo hivyo. Tsar Nicholas II ametoa amri ya kukusanya jeshi lote, binamu yake Wilhelm akamtumia simu ya maandishi, Nicholas akaifuta amri usiku wa Julai 29. Kesho yake waziri wa mambo ya nje Sazonov akaenda kumshawishi tena mpaka akakubali, na mnadhimu mkuu Yanushkevich alishaahidi kwamba amri ikitoka safari hii ataivunja simu yake ili asipatikane wa kumwambia airudishe. Wanafunzi wako watacheka hapo, waache wacheke, lakini waulize ni nani alikuwa anaitawala Urusi saa ile. Agosti 1 Wilhelm naye akataka jeshi lote lielekezwe mashariki, Ufaransa iachwe, mnadhimu wake Moltke akamjibu haiwezekani, mpango ni mmoja na treni zilishapangiwa ratiba. Ila usiwaache na picha kwamba walikuwa wanyonge. Wilhelm hakulazimishwa kutoa ile ahadi ya Julai 5. Alidhani haitamgharimu.

SWALI: Bunge je?

Inategemea linaulizwa lini. Likiulizwa askari wakiwa wameshafika mpakani, mbunge anayekataa anaonekana anawasaliti vijana, ndo maana Machi 18, 2003 bunge la Uingereza lilipitisha kwa 412 dhidi ya 149. Likiulizwa mapema linaweza kukataa, bunge hilo hilo Agosti 29, 2013 lilimkatalia waziri mkuu wa wakati huo David Cameron kuishambulia Syria, 285 kwa 272, na Uingereza haikushambulia mwezi ule. Marekani katiba inasema Congress ndo inatangaza vita lakini mara ya mwisho kutangaza rasmi ni 1942, na mnajua vita vingapi wamepigana tangu hapo.

SWALI: Unaongea kama vita vyote ni ujanja wa wakubwa. Na ukivamiwa? Vita vya Kagera Nyerere naye alidanganya?

Hapana, na asante kwa kunibana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Tanzania, likaua, likapora, na Amin akatangaza kwamba eneo lote mpaka mto Kagera ni la Uganda. Hapo sababu haikuhitaji kutungwa na mshauri, Nyerere alipohutubia mwanzoni mwa Novemba kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vipo, watu walikuwa wameshaona wakimbizi kwa macho. Ila angalia kitu kimoja. Kumtoa mvamizi ni uamuzi mmoja, kuvuka mpaka kwenda Masaka, Mbarara na hatimaye Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979, ni uamuzi mwingine, na huo wa pili uliamuliwa na watu wachache mezani kama vita vingine vyote. Mimi binafsi naona ulikuwa sahihi, huwezi kumwacha Amin na jeshi lake lijipange upya. Lakini kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, kule Monrovia Julai mwaka huo kuna marais waliulaumu waziwazi, na hoja yao ya mipaka haikuwa ya kijinga. Mbaya wa stori ni Amin, na Amin ndo mfano mzuri wa mada yetu, jeshi lake lilikuwa linamkatikia mikononi akaenda kutafuta adui nje.

SWALI: Mimi ni mama, mwanangu yuko jeshini nchi ambayo sasa hivi kila siku viongozi wanatishiana na jirani. Siwezi kujua wanayoongea ndani. Mtu wa nje kama mimi aangalie nini?

Shikamoo mama. Pole, na sitakudanganya kwamba kuna kipimo cha uhakika. Mimi hotuba siziangalii sana, maana wanaotishiana sana wengi huishia hapo hapo. Naangalia vitu visivyoongea. Kama wanapeleka hospitali za kijeshi na akiba ya damu mpakani, hayo sio luteka, Urusi mwanzoni mwa 2022 ilisema ni mazoezi huku taarifa za damu zikitoka. Kama sababu zinabadilika kila wiki lakini tarehe haibadiliki, hapo wasiwasi wangu unapanda sana. Na kama masharti anayopewa jirani ni yale ambayo hakuna serikali inaweza kuyakubali ikabaki madarakani.

Alafu angalia nani anajiuzulu, hasa wale wasiojulikana. Mwaka 2003 Robin Cook alipojiuzulu kila mtu alimwona kwa sababu alikuwa waziri mkubwa. Lakini siku hizo hizo aliondoka Elizabeth Wilmshurst, naibu mshauri wa sheria wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, akaandika kwamba hawezi kukubali kuwa vita ile ni halali bila azimio jipya la Baraza la Usalama. Barua yake ilipotolewa 2005 serikali iliificha aya moja, na aya ile ilipovuja ikaonekana ndo ile inayoeleza kwamba mwanasheria mkuu alikuwa na msimamo mmoja, akaubadili siku chache kabla ya mabomu. Kwenye nchi aliyopo mwanao tafuta watu wa aina hiyo, wanasheria, wahasibu wa wizara, maofisa wa kati, kama wanaanza kustaafu mapema kwa pamoja bila maelezo, mpigie simu kijana wako mara nyingi zaidi.

Maswali ya Libya 2011 na yale ya droni nimeyaweka toleo lijalo, msinitumie tena yale yale.